Maswali ya wasomaji: OK imetoka wapi, na ukijibiwa OK umekubaliwa?

Katika toleo lililopita tuliandika, kwa mstari mmoja tu, kwamba OK ilianza kama utani wa gazetini. Barua zilizokuja baada ya hapo zinatosha kujaza gazeti zima. Tunajibu sita.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanabishana. Mmoja amesoma kwamba OK ni "sifuri waliouawa", alama ya ubaoni ya jeshi la Marekani siku ambayo hakufa askari. Mwingine anashikilia kuwa ni Kigiriki. Nani yuko sahihi? (Mwalimu, Mbeya)

Mwalimu, hakuna. Hadithi ya ubao inakufa kwa tarehe peke yake. Vita inayotajwa ni ile ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, na OK ilikuwa imechapwa gazetini miaka 22 kabla ya risasi ya kwanza. Ipo na hadithi ya biskuti za askari zilizogongwa herufi za mtengenezaji, Orrin Kendall; hiyo nayo ni ya vita hiyo hiyo, kwa hiyo inakwenda na maji. Wagiriki wanayo kweli "ola kala", mambo yote mazuri, na masikioni inafanana. Kinachokosekana ni maandishi yanayoonyesha imeingia Marekani kabla ya 1839.

Tarehe ya kushika ni 23 Machi 1839. Gazeti ni Boston Morning Post, ukurasa wa pili, mhariri Charles Gordon Greene. Alikuwa anamchokoza mhariri mwenzake wa mji wa Providence kuhusu safari ya chama cha mzaha cha Boston kilichojipa jina la wapinga kengele. Akadokeza kwamba wanachama wakirudi kwa njia ya Providence, huenda yule bwana akawakirimu, kila kitu kikawa "o.k.", na papo hapo akaweka kistari na kufafanua: "all correct", yaani vyote sahihi. Uuangalie vizuri ufafanuzi ule. Mhariri hafafanui neno ambalo kila msomaji analo mdomoni. Lilikuwa bado bichi.

Wanafunzi watauliza: "all correct" inaanza na A na C, sasa O na K za nini? Ni makosa ya makusudi, "oll korrect". Kuanzia kiangazi cha 1838 magazeti ya Boston yalishikwa na homa ya kufupisha maneno, na kifupisho kilichokosewa tahajia ndicho kilichochekesha zaidi. "All right" iliandikwa O.W., kana kwamba ni "oll wright". G.T. ilikuwa "gone to Texas", yaani fulani amezikimbia deni zake. S.P. ilikuwa "small potatoes", viazi vidogo, jambo la kipuuzi. Wale vijana wako wanaoandika "2po p1" na "xaxa" kwenye simu wataushika mchezo huu upesi kuliko walimu wao.

Karibu vifupisho hivyo vyote vilikufa na homa yake. OK iliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa anagombea tena. Kwao ni Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wakampa jina la Old Kinderhook, yaani Mzee wa Kinderhook, kama Watanzania wanavyomwita Rais mstaafu Kikwete Mzee wa Msoga. Herufi za mwanzo zikaangukia palepale: O na K. Machi ya mwaka huo wafuasi wa New York walikuwa na klabu yao ya OK na walilifanya neno hilo kuwa kelele ya mitaani. Wapinzani nao hawakulala, wakaligeuza kuwa "out of kash", "out of kredit" na "out of klothes": hana pesa, hakopesheki, hana hata nguo.

Mwezi huo huo James Gordon Bennett, mwenye gazeti la Herald la New York, alizua kwamba rais wa zamani, Andrew Jackson, hakujua tahajia, ndiyo maana aliidhinisha karatasi kwa kuandika OK akiamini "all correct" inaandikwa hivyo. Ulikuwa uzushi mtupu. Lakini ukatenda kazi ambayo mzushi hakuikusudia: watu wakaanza kweli kuandika OK kwenye hati zilizokwisha kukaguliwa. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison, neno likabaki. Baadaye wapiga simu za maandishi wakalipokea kwa mikono miwili, maana herufi mbili zilitosha kumwambia mtumaji ujumbe wake umefika.

Aliyefukua haya yote, gazeti kwa gazeti, ni Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia. Alichapisha matokeo yake mwaka 1963 na 1964, na mpaka leo yamesimama.

Mbona hamsemi kuwa OK ni neno la Kiafrika? Nimesikia ni Kiwolofu, lilivushwa bahari na watumwa. (Msomaji, Mombasa)

Hoja hiyo ni ya heshima kuliko ya biskuti. Ilitolewa karibu na 1970 na David Dalby, mtaalamu wa lugha za Afrika Magharibi. Kiwolofu kina "waaw", yaani ndiyo, na "kay" ya kutilia mkazo. Na ni kweli Kiingereza cha Marekani kimeokota maneno ya waliouzwa: "goober", jina la karanga huko kusini, ni "nguba" ya Kikongo. Tena kuna kitabu cha safari cha 1784 ambamo Smyth, msafiri Mwingereza, anamnukuu mtumwa wa North Carolina akianza sentensi kwa "kay".

Tatizo ni daraja. Kutoka 1784 hadi 1839 ni miaka 55, na katikati hapana kitu cha kukanyaga. Halafu OK za kwanza za Boston zina nukta, zinafafanuliwa kama herufi za mwanzo, na zimekaa jirani na O.W. na ndugu zake. Hatukatai kwamba mtu aliyezoea kusema "kay" angelipokea neno hilo bila taabu. Ila hilo ni la kudhani, na la Boston lina karatasi.

Kuhusu karatasi, nazo hudanganya, na visa viwili vinafaa kujulikana. Kwa miaka mingi OK ya zamani kuliko zote ilidaiwa kuwa ya 1790, katika kumbukumbu za mahakama ya wilaya ya Sumner, Tennessee, mahali Andrew Jackson alipothibitisha hati. Waliporudi kwenye ukurasa wenyewe wakakuta ni O.R., yaani iamriwe kuandikishwa. R ya karani ilikuwa na mguu uliotupwa nje, ikasomwa K. (Hati yenyewe ilikuwa ya kumuuza mtu mweusi. Wasomaji waliigombania herufi, mtu aliyeuzwa wakampita.) Kisa cha pili ni shajara ya 1815 ya William Richardson, aliyesafiri kutoka Boston hadi New Orleans. Nakala iliyochapwa ina "ok" karibu na Princeton. Muswada wa mkono, kwenye sehemu hiyo, umejaa maneno yaliyofutwa na kurekebishwa, na hizo herufi mbili zinaelekea kuwa mwanzo wa maneno aliyoyaacha njiani.

Kwa hiyo ukiletewa asili ya neno lolote, liwe la Kiingereza au la Kiswahili, anza kwa kudai maandishi ya zamani kuliko yote. Usiridhike na nakala iliyopigwa chapa; omba picha ya ukurasa. Soma sentensi nzima, uone kama maana inayodaiwa inakaa humo au imepachikwa. Kisha tafuta tokeo la pili na la tatu ndani ya miaka michache, kwa sababu neno lililo hai haliandikwi mara moja likalala nusu karne. Na ukiambiwa neno la kale ni herufi za mwanzo za maneno mengine, weka shaka mara mbili. OK imeupita mtihani huo kwa kuwa magazeti ya wakati ule ule yalieleza herufi hizo zina maana gani.

Mimi ni mhasibu msaidizi. Nilimwandikia bosi kwenye WhatsApp: "Mzee, ankara ya fundi imefika, 1,850,000, na yule wa rangi anadai pia." Akajibu "OK". Nikalipa wote wawili. Sasa anasema hakuidhinisha. Kosa ni la nani? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ni la OK, na nyote wawili mmeipa kazi isiyoiweza. Neno hili hubeba mambo matatu yaliyo mbalimbali: nimeupata ujumbe, nimekubali, na nitatekeleza. Wewe ulisoma la pili. Inaelekea mzee aliandika la kwanza.

Waongoza ndege wanalijua hili kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, Boeing 747 mbili, moja ya KLM ya Uholanzi na moja ya Pan Am ya Marekani, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, ndani ya ukungu. Rubani msaidizi wa KLM aliuambia mnara, "we are now at take-off." Kiingereza hicho hakikai vizuri. Kinaweza kumaanisha tupo mahali pa kurukia, na kinaweza kumaanisha ndio tunaruka. Ndege ilikuwa imekwisha kuanza kukimbia. Mnara ukajibu "OK", ukatulia kama sekunde mbili, ndipo ukaongeza kwamba asubiri, ataitwa. Katika sekunde hizo hizo rubani wa Pan Am alikuwa anatangaza kwamba bado yumo njiani. Sauti mbili kwenye masafa mamoja zikazaa mlio mkali, na kilichofika safi ndani ya KLM ni ile OK. Walikufa watu 583. Tusiseme neno moja ndilo lililowaua: kulikuwa na ukungu, uwanja ulifurika ndege zilizogeuzwa kwa sababu ya bomu kwenye uwanja wa Gran Canaria, na rubani alikuwa na haraka. Lakini OK ilikuwemo.

Baada ya ajali hiyo taratibu za maneno zilikazwa. "Take-off" hutamkwa tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Kabla ya hapo husemwa "departure". Maagizo muhimu lazima yarudiwe na anayeyapokea. Kwenye redio "roger" ni nimepokea, basi, haina kibali ndani yake. "Wilco" ni nimepokea na nitafanya. OK haimo kwenye orodha.

Ofisini huhitaji redio. Ujumbe mmoja ubebe swali moja, lenye kiasi, jina na siku: "Naomba idhini ya kumlipa fundi bomba 1,850,000 Ijumaa hii. Nilipe?" La fundi rangi liende peke yake, maana maswali mawili yakipata OK moja hutajua ni la lipi. Pili, usimletee mkubwa habari ukangoja ruhusa. "Ankara imefika" ni habari, na jibu lake la kawaida ni nimesikia. Tatu, akijibu OK tupu, mrudishie kwa adabu: "Nashukuru mzee. Nimeelewa umeidhinisha 1,850,000 za fundi bomba, nalipa Ijumaa saa 4 asubuhi." Akinyamaza, kwa fedha kiasi hicho, piga simu. Kunyamaza juu ya OK ni ukungu juu ya ukungu.

Na jihadhari na swali la kukanusha. "Tusimlipe kwanza?" ikijibiwa OK, mmoja atasoma msilipe, mwingine lipeni. Kiswahili kina maneno ya kutosha kuepuka shimo hili: nimekubali, nimeidhinisha, nimeona, nitakujibu. Mzee naye angeandika "nimeona", ugomvi usingekuwepo.

Nilimsifu mwalimu wangu wa Kiingereza kwa kuandika "Our teacher is OK". Amenuna. Kwa nini, na mbona yeye mwenyewe anaanza kila sentensi kwa okay? (Mwanafunzi, Kisumu)

Umemwambia anapita tu. OK ilipoacha kuwa muhuri wa karatasi na kuwa sifa, haikupata daraja ya "nzuri". Inasema hakuna kasoro ya kukataza, si zaidi. Chakula kikiwa OK kimeliwa, hakikusifiwa. Ni kama ukisema "ni sawa tu" na hiyo "tu" ikabaki hewani. Angalia tofauti na "si haba" yetu, ambayo kwa nje ni kukanusha na kwa ndani ni kusifu. Ukitaka kumsifu, andika "very good" na useme ni kwa lipi.

Ile okay yake ya mwanzo wa sentensi ni kitu kingine kabisa. Haimjibu mtu. Inafunga hatua moja na kufungua nyingine, kazi ambayo Kiswahili huipa "haya" au "basi". Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipogusa Mwezi, Buzz Aldrin alisema taa ya kugusa imewaka, Neil Armstrong akatamka neno la kuzima, na Aldrin akaendelea: "Okay, engine stop." Hakuwa anaisifu injini. Alikuwa anakwenda kwenye mstari unaofuata.

Naongoza wageni kupiga mbizi. Mgeni akifurahia samaki ananionyesha dole gumba juu, mimi naanza kumpandisha. Nani abadilike? (Mzamiaji, Mafia)

Mgeni abadilike, na kabla mashua haijang'oa nanga. Chini ya maji dole gumba juu lina maana moja: tupande. "Niko salama" ni pete ya dole gumba na kidole cha shahada, vile vitatu vikiwa vimenyooka. Ishara hiyo ni swali na ni jibu: wewe unaionyesha, naye lazima airudishe ile ile. Asiyeirudisha msogelee, usimngoje. Katika maelezo ya nchi kavu kila mgeni aifanye kwa mkono wake mara tatu mbele yako, kwa sababu kutikisa kichwa kwamba ameelewa hakuufundishi mkono. Mfundishe pia kiganja kilicholala kinachoyumbishwa, yaani kuna tatizo, kisha kidole kielekee penye tatizo, mara nyingi sikio.

Akikosea tena huko chini, usilipuuze dole gumba. Mrudishie ishara hiyo hiyo ukiuliza kwa macho. Akithibitisha, pandeni, maana kila mzamiaji ana haki ya kuukatisha mzamio. Juu ya maji, mbali na mashua, pete ya vidole haionekani: mkono mmoja uguse utosi, au mikono miwili ifanye duara juu ya kichwa. Asipunge mkono kwa furaha. Kupunga ni kuomba msaada.

Nchi kavu pete hiyo ichungwe. Brazili ni tusi, Japani ni pesa, Ufaransa inaweza kusomwa sifuri. Marekani kikundi cha wazungu wabaguzi waliidaka kutoka kwenye mzaha wa mtandaoni wa 2017, na Septemba 2019 ADL, shirika la Marekani linalopinga chuki dhidi ya Wayahudi, likaiingiza katika orodha yake ya alama za chuki, huku likieleza kwamba wengi bado huitumia kwa nia njema.

Natafsiri programu ya simu. Kitufe cha OK nikiite nini? (Mtafsiri, Nairobi)

"Sawa", pale ambapo mtumiaji anasoma taarifa na kuifunga. Google wanatumia "Sawa" na "Ghairi", na watu wamezoea. Neno lenyewe ni la Kiarabu lenye maana ya kulingana, ndiyo maana bado tunasema mbili na mbili ni sawa na nne. "Barabara" ya kuridhia nayo ni ya Kiajemi, na huko kwao maana yake ni hiyo hiyo ya kulingana. OK ilitoka kwenye usahihi, zetu zimetoka kwenye mizani.

Lakini kitufe kikifanya jambo lisilorudishika, kitaje jambo: "Futa", "Tuma", "Lipa 500". Swali "Ungependa kughairi malipo?" lenye vitufe "Sawa" na "Ghairi" ni mtego: anayetaka kughairi atabonyeza kipi? Andika "Ghairi malipo" na "Endelea kulipa", hata kama kitufe kitarefuka.

Pia jaribu neno lako kwenye skrini yenyewe kwa mwandiko utakaotumika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Apple walipokuwa wanaitengeneza kompyuta ya Lisa, kitufe kiliandikwa "Do It", fanya. Nafasi kati ya maneno ilikuwa nyembamba na I kubwa ilifanana na l ndogo, hivyo baadhi ya waliojaribu wakasoma "dolt", mpumbavu, na mmoja akakasirika kwamba kompyuta inamtukana. Wakaweka OK.

Kwenye maandishi ya Kiswahili, mhusika akilitamka, sisi tunaandika "oke" au "okei". Chagua moja, ushike hilo mpaka mwisho wa kazi.